Nilichomimina Kwenye Chupa ya Dawa ya Pikipiki

Sehemu ya tano

Mliosoma wiki iliyopita mnajua nilipofikia. Aliyekosa gazeti nitamsogeza kidogo, halafu twende pamoja.

Kaka yangu Frednand ni bodaboda hapa Ntobeye. Pikipiki yake ilianza kukohoa ikipanda mlima. Fundi Aristides akamwambia kabureta imejaa uchafu, anunue dawa ya kusafisha mfumo wa mafuta. Akainunua Ngara mjini. Kachupa kadogo tu. Unamimina kifuniko kimoja kwenye tanki, mafuta yanapita na uchafu. Pikipiki ikapona, na Frednand akawa anaificha ile chupa chini ya kitanda kama cheti cha shule.

Siku moja nafagia, nikaipiga teke. Dawa yote ikanywewa na sakafu ya udongo.

Mtu mwingine angesema. Mimi hata mwalimu akiita majina asubuhi naitika kwa mkono. Nikasoma karatasi ya chupa, nikaona ndani yake kuna alkoholi. Na alkoholi kwetu ipo. Bibi Nshoma, aliyetulea mimi na Frednand tangu tukiwa wadogo, anapika gongo ya ndizi, ile pombe kali ya kienyeji. Nikajaza gongo kwenye ile chupa, nikafunga, nikairudisha mahali pake.

Hapo ndipo niliwaacha. Sasa sikilizeni kilichonipata.

*

Jumamosi asubuhi Frednand alipata abiria wa mbali. Mwalimu Eustakia alikuwa anakwenda Nyakahura, upande wa Biharamulo, kumwona mama yake anayeumwa.

Frednand alijaza mafuta kwa Mama Ishimwe. Kituo cha mafuta kiko mbali na sisi, kwa hiyo bodaboda wote wa kijiwe chetu wanajaza kwa Mama Ishimwe. Ana meza yake pembeni ya barabara, petroli imepangwa juu kwenye chupa za maji, zimesimama kwa mstari. Ni mjane. Mwanae Ishimwe tunakaa dawati moja. Mwalimu akiniuliza swali nikanyamaza, Ishimwe ndiye hunisemea.

"Espe, niletee dawa yangu," Frednand akaniita walipopita nyumbani.

Nikaileta.

"Kifuniko kimoja, kaka."

"Leo ni safari ndefu. Namimina nusu chupa."

"Imeandikwa kifuniko kimoja."

"Aliyeandika anaijua milima ya huku? Si alikaa tu ofisini akaandika."

Mwalimu Eustakia akacheka. Frednand akamimina. Nikaona gongo inaingia kwenye tanki, gluku gluku, nusu chupa nzima.

"Mbona leo ina harufu kali?" akauliza.

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Ndiyo inavyokuwa ikikaa," akajijibu mwenyewe. Akapiga kiki. Ikawaka mara ya kwanza. Wakaondoka, mwalimu akanipungia mkono.

Nikajiambia, umeona, imewaka. Kemia haidanganyi.

*

Saa nane mchana pikapu ilisimama kijiweni. Nyuma ilipakia mkungu mmoja wa ndizi, pikipiki ya Frednand na Frednand mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulifungwa kitenge cha Mwalimu Eustakia.

"Imezimia katikati ya mlima," akawaambia wenzake. "Nimepiga kiki wapi. Ikaanza kurudi nyuma, tukaingia mtaroni. Nashukuru lori la nyuma lilikuwa mbali."

"Na mwalimu?"

"Amechunika goti. Wamempeleka zahanati na gari lingine. Angekuwa amekaa upande wa barabara, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pikapu. Hakuna aliyeniona. Mimi huwa sionekani.

Fundi Aristides aliishusha pikipiki, akapiga magoti. Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga chupa ya plastiki iliyokatwa. Mafuta yakatiririka. Akaziba, akaisimamisha chupa juu ya tofali.

"Tulieni kidogo," akasema.

Tukatulia. Mafuta yakaanza kujitenga. Juu petroli, chini kitu kingine cheupe, na katikati mstari umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Maji," akasema Wiston. Huyu ndiye mwenyekiti wa kijiwe. Akisema jambo, limeshapita. "Frednand, ulijaza wapi?"

Frednand hakutaka kujibu. Alikuwa anamheshimu Mama Ishimwe kama mama yake.

"Nakuuliza, ulijaza wapi?"

"Kwa Mama Ishimwe."

Wakageuka wote. Meza ilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Mama Ishimwe alikuwa anapangusa chupa zake kwa kitambaa, anatuangalia.

Nilijua kile cheupe ni nini. Nilikijua kabla hakijatulia. Nikajibanza zaidi nyuma ya pikapu.

*

"Shikamoo mama," Wiston alimwamkia, maana adabu anayo hata akiwa na hasira.

"Marahaba. Mbona mmekuja kama mnazika?"

"Umetuwekea maji kwenye mafuta."

Mama Ishimwe alidhani ni utani. Akacheka. Akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Mimi mafuta nachukua kituoni Benaco kwa dumu," akasema. "Nachuja kwa kitambaa mbele ya macho yenu. Jana wamejaza watano hapa. Wewe Wiston ulijaza. Pikipiki yako imezima?"

"Sisi tulipata ya juu ya dumu. Frednand amepata ya chini."

"Nina mwaka wa saba kwenye meza hii."

"Na mwalimu yuko zahanati."

Vijana wawili wakainua meza, na chupa zikiwa juu, wakaiweka mtaroni. Waliiweka taratibu, hata chupa moja haikuvunjika. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Walifanya kama watu wanaofanya jambo la haki.

"Kesho baada ya misa mtendaji wa kijiji atakuja," akasema Wiston. Ile chupa ya kabureta akaimimina kwenye chupa nzima, akafunga kifuniko. "Hiki ni kidhibiti."

*

Jioni ile ile Ishimwe alikuja kwetu. Alikaa na mimi jikoni.

"Mama hajala," akasema. "Espe, wewe kemia unanizidi. Maji yanaweza kuingia kwenye petroli yenyewe tu?"

Alikuwa ananiangalia kama anavyoangalia ubao akitaka kunakili jibu.

Tulikuwa wawili tu. Hakukuwa na mwalimu, hakukuwa na darasa la kunicheka. Wasomaji wangu, hapa sina cha kujitetea.

"Sijui," nikasema.

Akaondoka. Nikachana karatasi ya daftari, nikamwandikia Frednand kila kitu. Dawa nilimwaga mimi, nikajaza gongo, Mama Ishimwe hana kosa. Nikaibana karatasi chini ya sahani yake ya ugali, nikaenda kuteka maji ili asiniangalie akisoma.

Nilivyorudi, sahani ipo, karatasi hakuna.

"Bibi, kulikuwa na karatasi hapa."

"Ile ya chini ya sahani? Nimewashia moto. Kuni zimeloa."

Bibi Nshoma hajui kusoma. Frednand alikuwa hata hajarudi kutoka kufungwa mkono vizuri. Nikacheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikala kile chakula chake, maana sikujua nifanye nini kingine.

*

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja kijiweni na nguo zao za misa. Mtendaji alisimama katikati. Anaitwa Gozbert, ana mwezi wa nne tu hapa kwetu, bado hajajua nani ni nani.

Wiston akainua chupa. Mstari ulikuwa pale pale, umenyooka.

Mtendaji akamsikiliza Wiston. Akamsikiliza Frednand, ambaye alisema maneno matano tu. Akamsikiliza Mama Ishimwe, ambaye alirudia yale yale ya jana, ila leo sauti ilikuwa chini.

"Basi," mtendaji akasema. "Kuanzia leo mama huyu hauzi mafuta kijiji hiki. Akionekana na hata chupa moja, nampeleka mbele."

Mama Ishimwe hakulia. Alifunga kilemba chake upya, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari asiyoijua. Ishimwe alimshika kiuno.

"Yawasheni," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Hata mimi nilijisikia kwa shida.

Ishimwe akageuka. Miaka yote ile ya kunisemea, masikio yake yameshaizoea sauti yangu.

"Anasema yawashwe," akasema kwa nguvu.

"Nani anasema?"

"Espe."

Watu wakasogea pembeni, nikabaki peke yangu kwenye uwazi kama nguzo ya goli. Nilivaa gauni la Bibi lililokatwa.

"Hayo ya chini si maji," nikasema. "Yawasheni mtaona."

"Maji yawashwe," mtu akadakia nyuma. "Watoto wa sekondari hawa." Wakacheka.

Fundi Aristides hakucheka. Alinitazama, akaitazama chupa, akainusa. Akatoa bomba la sindano analotumia kuwekea oili, akalizamisha mpaka chini kabisa, akavuta kile cheupe peke yake. Petroli akaipeleka mbali. Akadondosha kile cheupe kwenye kizibo cha soda juu ya jiwe.

"Kiberiti," akasema.

Akawasha. Tukasikia kama mtu amepumua. Moto wa bluu ukasimama juu ya kizibo, mwembamba, hauna moshi.

Hapo sasa. Hakuna mtu mzima wa Ntobeye asiyeujua moto ule. Gongo ikitoka kwenye bomba, unaweka tone kwenye kijiko, unagusisha kiberiti. Ikiwaka bluu, ni nzuri. Ikikataa, umepunjwa. Hata wacha Mungu kabisa wanaujua.

"Hii imetoka kwanza kwanza," mzee mmoja akasema kwa heshima, kabla hajakumbuka mtendaji yupo. Mkewe akamkanyaga mguu.

"Frednand," akasema Wiston, "kumbe pikipiki yako inakunywa kuliko wewe."

Kicheko kikazuka. Frednand hakucheka. Alikuwa amenigeukia.

"Espe."

"Nilimwaga dawa yako nikifagia," nikasema. Ajabu, maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, yanafuatana kama siafu. "Nikaogopa. Nikaona ina alkoholi, nikajaza gongo. Wewe ukamimina nusu chupa. Mama Ishimwe hakuweka maji. Niliweka mimi."

"Gongo nusu yake ni maji, mwanangu," akasema Fundi Aristides. Hakusema kwa ukali. "Dawa ya kweli inayakuta maji kwenye tanki, inayabeba, yanaungua na mafuta. Gongo inakuja na maji yake. Ikikutana na petroli, zinatengana, inashuka chini, inakaa kwenye kabureta. Injini inavuta maji. Itawakaje?"

"Si ungeniambia tu?" Frednand aliuliza. "Kachupa kadogo kama kale. Ningekupiga?"

Hangenipiga. Hajawahi kunipiga. Nilitamani anipige pale pale.

Mama Ishimwe alinisogelea. Nikajua nachapwa kibao. Akanishika kidevu, akaninyanyua uso.

"Jana ulikuwepo wakati wanaibeba meza yangu," akasema.

"Nilikuwepo, mama."

"Nilikuona nyuma ya pikapu."

Akaniachia kidevu.

*

Nikadhani yameisha. Watu walianza kusemezana, Wiston akawa anatafuta maneno ya kumwomba mama msamaha.

Mtendaji peke yake hakuwa amecheka tangu mwanzo.

"Binti," akasema. "Hiyo gongo uliitoa wapi?"

Nusu ya wanaume waliokuwa pale wamekunywa kwa Bibi. Na wake zao wamenunua kwake ya kuchua migongo. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Kijiji kizima kiligeuka kikawa mimi.

"Nakuuliza wewe. Pombe haramu uliitoa wapi?"

Ningeweza kusema niliokota. Ningeweza kusema nilinunua kwa mpita njia. Lakini mdomo wangu siku ile ulikuwa umeshafunguka, sikujua unafungwaje.

"Nyumbani," nikasema.

Frednand akafumba macho.

"Nyumbani mnaishi na nani?"

"Na bibi yetu."

"Na bibi yenu," mtendaji akarudia, akaandika. "Haya. Twendeni huko nyumbani."

Sare yangu ya shule imetoka kwenye ile gongo. Daftari niliyochana karatasi imetoka kwenye ile gongo. Na Jumapili ndiyo siku Bibi anapika, kwa sababu watu wote wako kanisani. Yeye husali misa ya Jumatano.

Mtendaji alikuwa ameshapiga hatua ya kwanza. Mama Ishimwe akasimama mbele yake.

"Bwana mtendaji, bado hujamaliza kwangu."

"Mama, wewe umeshinda. Uza mafuta yako."

"Jana nimeaibishwa mbele ya watu. Nisafishwe mbele ya watu. Umesema siuzi, sasa sema nauza. Sema kwa sauti, kule nyuma hawajasikia."

"Mama huyu anauza," mtendaji akasema kwa sauti.

"Na meza yangu irudi na mikono iliyoitoa. Wewe Wiston, na wale vijana wako. Chupa moja moja. Na wewe mtendaji usimame uhakikishe hakuna iliyopasuka."

"Nitahakikisha nikirudi."

"Ukirudi, wao watakuwepo? Mimi mjane, bwana mtendaji. Nisimamie."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mtendaji akaangalia saa, akaangalia watu, akarudi.

Wiston akaingia mtaroni na suruali yake ya misa. Akapandisha chupa ya kwanza.

"Si hiyo," akasema Mama Ishimwe. "Anza na zile za nyuma. Nilizipanga kwa mstari, zirudi kwa mstari."

Akasema hivyo bila kumwangalia Wiston. Alikuwa ananiangalia mimi. Akatikisa kichwa kidogo, upande wa migombani kwetu.

Nikakimbia.

*

Nilikata njia ya mashambani. Gauni lilichanika kwenye kahawa, viatu nilivivua nikavibeba. Moshi niliuona kabla sijaiona nyumba, umenyooka juu ya migomba, mweupe, wa kumwonyesha mgeni njia.

Bibi Nshoma alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko. Sufuria linachemka, bomba linadondosha tone, tone, tone kwenye chupa. Pembeni madumu matatu, mawili yameshajaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Misa imeisha mapema?"

"Mtendaji anakuja."

Bibi hakushtuka. Miaka arobaini ya kupika gongo, wamekuja watendaji wengi. Akavuta kuni motoni kwa haraka kuliko nilivyodhani mikono yake inaweza, akazizamisha kwenye ndoo. Zikapiga kelele.

"Ziko njia mbili za yeye kujua," akasema huku anang'oa bomba. "Kanusa, au kaambiwa. Huyu ni wa juzi, pua yake haijajua upepo wa hapa. Nani kamwambia?"

Nikainama kukaza vifuniko vya madumu.

"Ni yule mke wa mzee wa kule chini? Nilimkatalia mkopo wiki iliyopita."

"Si yeye."

"Wiston? Nitamsema mpaka kwa padre."

"Si Wiston, bibi."

Akaacha alichokuwa anafanya. Akanigeukia, bomba mkononi, linatiririka kwenye miguu yake.

"Basi nani?"

Jana yake kwa Ishimwe nilisema sijui. Neno lile lile lilikuwa tayari mdomoni, jepesi kabisa. Nikalimeza.

"Ni mimi."

Bibi alinitazama. Alinitazama muda mrefu mno kwa mtu ambaye mtendaji yuko njiani. Nilisubiri anilaani. Nilisubiri aseme nani alininunulia kalamu.

"Kumbe unaweza kuongea," akasema.

Akainama, akanyanyua dumu lililojaa, akanisukumia kifuani.

"Shika. Peleka migombani, lile shimo la kuvundikia ndizi. Funika na majani. Halafu rudi uchukue la pili."

Nikalikumbatia. Zito kama mtoto. Nikapiga hatua nne, labda tano, naelekea migombani.

"Hodi."

Sauti ya mtendaji, lakini haikutoka upande wa barabara. Ilitoka upande wa migomba, upande ule ule niliokuwa naelekea. Kumbe aliniona nikiondoka, akafuata njia ya mashambani, na mkononi ameshika kiatu changu kimoja, kilichoniponyoka njiani.

Nyuma yake alikuwa Frednand, anahema, mkono umefungwa.

"Karibu mtendaji," Bibi akaitika kutoka nyuma yangu, kwa sauti ya mwenye nyumba asiye na wasiwasi wowote. "Karibu ukae."

Mtendaji hakumwangalia Bibi wala sufuria wala bomba. Aliangalia dumu.

"Binti," akasema. "Hili ni la nani?"

Frednand alikuwa ameshafungua mdomo ajibu, na Bibi alikuwa ameshafungua mdomo ajibu, na dumu lilikuwa mikononi mwangu.